Mbu wa Januari

Anderlecht, 14 janvier 2025

Papa Elineema,

Bonjour. Mi naitwa Antoinette, muke ya Papa Tharcisse. Niliona jina yako chini ya barua yenye mulinitumia, na Priscille, mwenye kusuka nywele kule Matonge, hapa Bruxelles, aliniambia: ule muntu ni wa Tanzanie, anajua Swahili. Njo maana minakuandikia mu Swahili. Français yangu ya mudomo iko bien, lakini ya karatasi inanikimbia, na barua yenu ilikuwa na maneno ya nguvu sana.

Bon. Kazi yangu ya zamani ya kusafisha ma-bureau ilinipatia ile compte ya santé. Balituambia: kila mwaka patron anaweka feza mule, hata ukipumzika kazi, haikatwe impôt ya serikali, na weye unalipa nayo dawa, yako ao ya bwana yako. Bwana yangu anagonjwa. Nilinunua dawa, nikatuma facture. Barua yenu inasema ile haiko dawa, hamulipe.

Papa, ku chupa kuko maandiko, anti-moustiques. Ni dawa ya mbu. Yee anagonjwa mbu. Kama hii haiko dawa, iko nini? Nilikuja kwa bureau yenu, dirisha ya guichet ikaniambia nirudi, nikarudi, ikaniambia niandike. Basi niko naandika. Retraite yangu, ile feza ya uzee, inaishia ku loyer ya nyumba, sina fasi ingine ya kupata hii feza.

Antoinette, Maman Anaïs


Brussels, 23 Januari 2025

Mama Anaïs, shikamoo.

Kwanza nisahihishe jambo dogo: mimi ni mwanamke. Usijali, hata hapa ofisini wapo wanaoniandikia Bwana Elineema, nami nimeacha kubishana nao.

Barua yako ilizunguka meza kadhaa kabla ya kunifikia, kwa sababu hakuna aliyejua ni lugha gani. Wa mwisho aliiweka mbele yangu akasema, "Hii itakuwa yako." Nimefurahi kuisoma, kusema kweli. Kutwa nzima nasoma risiti.

Sasa kuhusu dawa ya mbu. Akaunti ya afya haikatwi kodi kwa sharti moja, kwamba hela iliyomo itumike kwa ugonjwa unaojulikana. Kitu cha kujipaka ili mdudu asikusogelee kinahesabiwa pamoja na sabuni na manukato, ni matumizi ya nyumbani. Najua utashangaa. Mafuta ya kujikinga na jua tunalipa. Krimu ya kutuliza mwasho ukishaumwa na mdudu tunalipa pia. Ila cha kumzuia asikuume, hapana. Sikuitunga mimi sheria hiyo, nimeikuta.

Milango ni miwili tu. Kama Mzee anasafiri kwenda Kongo, daktari aandike kwamba anakwenda penye malaria. Au kama tayari ana malaria, na ndivyo nilivyoielewa barua yako, basi niletee majibu ya maabara nasi tutalipa matibabu yote bila maneno. Nisipokuwa na kimojawapo, bosi wangu ataniuliza ni mbu gani huyo anayeuma watu Anderlecht mwezi wa Januari.

Pole kwa kuuguza.

Elineema


Anderlecht, 5 février 2025

Maman Elineema,

Pardon, nilikuita papa. Ile shikamoo yako ilinichekesha kidogo, kwetu hatuna hiyo, lakini nimeipokea.

Nilifanya sawa vile uliandika. Nilimupeleka Papa ku hôpital, nikasema bureau inataka malaria. Batu bakashituka. Balimukamata mukono, bakamutoboa, mushipa ikakimbia, bakatoboa tena mukono ingine. Alilia. Mi nilimushika kichwa. Halafu docteur akatoka, akasema, "Madame, hana malaria, hajatoka Belgique tangu zamani. Ni nani alikuambia ana malaria?" Nikasema ni bureau. Nilisikia haya.

Maman, mi sikuandika malaria. Niliandika anagonjwa mbu. Acha nikueleze polepole, juu minaona hatukusikilizana.

Bwana yangu kichwa yake iko naenda, anasahau vitu. Muchana eko kimya, anakunywa chai, anaangalia dirisha. Lakini kama giza inaanza kuingia, anaona mbu. Mbu ya Bukama, kule Congo. Kule njo tulioana, alikuwa anafanya kazi ku gare ya treni, kando ya muto Lualaba, na mbu ya kule ni mingi, maji iko kila fasi. Sasa hapa, mu appartement, juu ku étage ya sept, chauffage inatia joto, yee anaona mbu zinaingia. Anapiga mikono yake, anapiga shingo, anajikwangua mpaka damu. Kama anaona mbu juu yangu anaipiga nayo, juu ananihurumia. Njo ile alama ku shavu yangu yenye Anaïs, binti yetu, aliona. Anaïs anasema papa anakupiga. Hapana. Anapiga mbu.

Na weye unauliza mbu gani ya janvier. Janvier njo mubaya kabisa, juu giza inakuja mbio. Kwenye dix-sept heures, saa kumi na moja, kumekwisha kuwa usiku, na yee ameanza.

Nilijaribu taa, nilijaribu moustiquaire ku kitanda, nilijaribu sala. Halafu nikakuta chupa ya dawa ya mbu mu valise ya mutoto wa dada yangu mwenye alikuwa anarudi Lubumbashi. Nikamupakala. Ile harufu, Maman. Alinusa, akatulia, akanyoosha mikono yote mbili. Akanikamata chupa, akanipakala na mi, mashavu, nyuma ya masikio. Akasema, "Toinette, leo zimekuja na hasira." Alikuwa ameshasahau jina yangu, mwaka muzima. Tukakaa, akaongea juu ya gare, masharti ya kazi, chef wake mwenye kusinzia.

Tangu pale kila mangaribi iko vile. Ile ya bei kidogo haina harufu, anaikatala.

Anaïs anataka kumuweka mu home ya bazee kule Ganshoren. Anasema niko nachoka. Ni kweli, niko nachoka. Lakini kule hakuna mwenye atamupakala, batamufunga mikono ili asijikwangue. Njo kitu yenye minaogopa, sina ingine. Kama dawa inakosa, banamukamata.

Antoinette, Maman Anaïs


Brussels, 17 Februari 2025

Mama Anaïs,

Nimeisoma barua yako kwenye tramu nikapitiliza kituo changu. Naomba radhi kwa zile sindano. Kosa ni langu. Kwetu Upareni, na Tanzania nzima, mtu mwenye homa anaumwa, na mtu aliyevamiwa na mbu naye anaumwa. Neno ni hilohilo. Ulipoandika kwamba Mzee anagonjwa mbu, mimi kichwani nikaligeuza, anaumwa, na mbu yupo, basi ni malaria, faili limekwisha. Kumbe uliandika kilekile ulichotaka kusema, na mimi mwenye Kiswahili cha shuleni ndiye niliyeshindwa kusoma.

Nimelipeleka suala lako kwa bosi. Si mtu mbaya, amechoka tu kama sisi sote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mbu wasiokuwepo hawamwambukizi mtu kitu. Nikamwambia katika lugha yetu ile chupa ni dawa, iwe isiwe. Akauliza, kwa nia njema kabisa, ni vitu gani vingine tunaviita dawa. Nikajikuta nataja dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya panya, dawa ya viatu. Nilipofika kwenye viatu nikaiona sura yake. Nilijiharibia mwenyewe.

Hata hivyo alitoa neno moja la maana. Daktari wa Mzee akiandika kwamba mafuta hayo ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa wa kichwa, si kinga ya wadudu, watalitazama upya. Basi daktari aeleze Mzee anavyojikwangua, aeleze anavyotulia akipakwa, na hao mbu asiwaweke mstari wa kwanza. Siruhusiwi kukuambia hivyo, kwa hiyo sijakuambia.

Elineema


Anderlecht, 10 mars 2025

Maman Elineema,

Nilienda kwa docteur. Ni kijana, mupole, lakini anaangalia mashini ya ordinateur kuliko muntu. Nikamueleza yote, dawa, harufu, Bukama. Akasema, "Madame, kwa nini unajisumbua na mafuta? Kuko comprimés za kumeza." Akaandika. Pharmacie ikatoa, na compte yenu ikalipa siku ileile, hata barua moja hamukuniandikia.

Nilimupatia. Mbu zikakwisha, ni kweli. Na yee akakwisha. Alikaa ku kiti mudomo wazi, mate inashuka. Nikamuita, hakugeuka. Nikamupakala dawa, hakunusa. Anaïs akakuja, akaona, akasema, "Tu vois, maman, il est calme," eti ametulia. Nikamujibu, hata meza iko calme. Tukagombana mbele yake, naye hakutuangalia.

Comprimés nimeacha. Mbu zimerudi na nilizipokea, Mungu anisamehe. Anaïs amekasirika. Anasema ananiachia mpaka Pâques, Pasaka ya avril. Kama anaona tena damu ku mikono ya papa ao alama ku uso yangu, fasi ya Ganshoren iko, alishaandikisha jina. Yee haiko mubaya, Maman. Anatoka kazi, anapanda métro, anatuletea mikate, anakimbia tena kwa batoto bake. Anaogopa nitatangulia papa yake kufa.

Sasa nielezee, weye mwenye kusoma. Dawa ya kumuzima munalipa, ya kumuwasha hamulipe. Ni akili ya nani hiyo? Minachoka kuandika. Kuja uone na macho. Kuja mbele ya giza kuingia.

Antoinette, Maman Anaïs


Brussels, 24 Machi 2025

Mama Anaïs,

Hatutakiwi kwenda majumbani kwa wenye akaunti. Kwa hiyo ile Jumapili nilikuwa mgeni tu aliyekuja kula sombe, ambalo sisi tunaita kisamvu. Asante kwa sombe.

Nilifika ofisini kesho yake mikono bado inanuka, jirani yangu wa meza akafungua dirisha. Sijui Mzee alinifananisha na nani. Alinishika viganja, akanipaka hadi kwenye viwiko, kwa makini, hata kati ya vidole hakuacha, kisha akaniuliza kama treni ya Kamina imeingia. Nikasema imechelewa. Akaniambia basi nisisubiri karibu na maji. Sijaambiwa neno la kunijali namna hiyo tangu nihamie mji huu, na aliyeniambia hajui mimi ni nani.

Nilikuwa nimekuja na maswali ya kuuliza, sikuuliza hata moja. Nilikuona umefumba macho akikupaka nyuma ya masikio, nikatazama pembeni. Nilijua hapo kwamba ninyi wawili bado mnaishi pamoja kwa ile chupa, na kwamba hakuna sehemu ya kuandika jambo hilo kwenye karatasi zetu.

Nimeandika hata hivyo. Nilianza kurasa nyingi kwa Kifaransa, nikabakiza moja. Nimesema mgonjwa huona wadudu jioni, hujiumiza, na mafuta haya humtuliza pale ambapo vidonge humlaza tu. Daktari wako nilimpigia simu. Mara ya kwanza alikataa, akasema hatatia saini harufu. Mara ya pili nikamsimulia kuhusu Bukama, akaniomba nimtajie herufi za jina hilo. Amesaini. Karatasi imekwenda kwenye kamati, na kamati hukaa inapotaka. Naomba uendelee kusubiri, ingawa najua neno hilo limekuchosha. Limenichosha na mimi, na ndilo ninalotumia zaidi.

Elineema


Anderlecht, 22 avril 2025

Maman Elineema,

Pâques imepita. Anaïs alikuja na batoto, nikamukataza kuenda mbele ya giza kuingia. Papa akaanza. Nikamupatia Anaïs chupa, mi nikakaa pembeni. Hakutaka, akasema, "Maman, mi siwezi hii comédie." Papa akamukamata mukono, akamupakala yee mwenyewe, polepole, na akamuambia, "Vala mikono mirefu, mwanangu. Na bandugu zako vilevile." Alimuita mwanangu. Anaïs alienda kulia mu cuisine, nikamuachia alie. Pale alitoka, alisema jina ataiondosha kule Ganshoren, kwa sasa, tutaona.

Donc bado eko kwangu. Lakini chupa imebaki moja na chini kidogo. Niko napima, nampakala mikono tu, miguu hapana, na yee anaona. Ananiuliza miguu. Mi nasema docteur amekataza, na minasikia mubaya kumudanganya, juu anakubali.

Kamati yenu inakaa lini? Nijibu, hata kama ni hapana. Kungojea njo kunaniua kuliko hapana.

Antoinette, Maman Anaïs


Brussels, 27 Mei 2025

Mama Anaïs, shikamoo.

Wamekubali. Nimeliweka neno hilo mbele ili usisome barua yote ukitetemeka.

Tuma risiti zote, tangu ile ya kwanza ya Januari, hata zilizokunjamana. Kwenye faili la Mzee sasa imeandikwa kwamba mafuta ya kufukuza wadudu ni sehemu ya matibabu yake, kwa mwaka mzima, na mwaka ujao itakuwa saini tu. Bosi alisaini bila kuinua macho, akasema nisiizoee hii. Nikamwambia sitaizoea.

Uliniomba jibu tangu Pasaka, nami nikasubiri kamati. Ukinilaumu, ni haki yako. Nimekaa ofisi hii nikisema hapana hadi imekuwa sauti yangu ya kawaida. Mwanangu akiniomba kitu nyumbani, naanza na hapana kabla hajamaliza kuomba. Jana, barua ya kamati ilipofika, nilishuka chini nikanunua kipande cha keki, nikakila mezani peke yangu, na jirani akauliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa. Nikasema ndiyo, maana kumweleza kungechukua asubuhi nzima.

Usipime tena. Mpake na miguu. Nitakuja kuwaona, mkinipikia.

Elineema


Anderlecht, 12 juin 2025

Maman Elineema,

Aksanti. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka. Unisamehe sikujibu mbio. Aksanti kweli, na mukubwa wako naye aksanti.

Mbu zimekwisha.

Sikumupatia comprimés, hapana. Zimekwisha peke yake, mu mwezi ya mai, polepole, mangaribi ingine zinakuja, ingine hapana, halafu hapana kabisa. Nilifikiri ni juu ya mwangaza, sasa kunakuwa giza kwenye vingt-deux heures, saa ine ya usiku. Nikafunga ma-rideaux ya dirisha. Nikazima taa. Nikakaa naye mu giza ya kutengeneza, nikangoja. Hakupiga mukono hata mara moja. Nikafungua chupa, nikaiweka chini ya pua yake. Nikamupakala mikono, shingo, miguu yote mbili sawa vile uliandika. Aliniachia tu, sawa muntu mwenye kukaa kwa coiffeur kunyolewa. Nilipomaliza aliniangalia muzuri, akasema, "Merci, madame."

Mu français, na adabu yote. Tangu tulioana hajawahi kuniita madame.

Docteur anasema ugonjwa imesonga mbele, ni kawaida. Anaïs anasema angalau papa anabaki kwa nyumba, ngozi yake imepona, na uso yangu imepona. Hasemi uongo. Hakuna muntu anaongea tena juu ya Ganshoren. Bwana yangu eko hapa ku kiti yake, hakuna mwenye alimukamata, nilishinda. Minamuangalia, na minasikia upweke yenye sikusikia hata pale alikuwa ananipiga shavu.

Facture za zamani nakutumia, ziko pamoja na hii barua. Za mupya sina. Chupa ziko mbili, Anaïs alinipatia ku fête des mères, sikukuu ya ba-maman, na ile siku nilicheka. Mangaribi nafungua moja, najipakala mi mwenyewe, fasi zote zenye alikuwa ananipakala yee, halafu nakaa karibu yake. Labda atanusa.

Sasa niko na swali, na usiipeleke ku kamati, nijibu weye. Dawa ya kurudisha mbu, iko?

Antoinette